Gari la safari za kutwa ugenini: likodi lini, na ukague nini kabla ya kusaini

Swali: Mimi na mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka mitano na minane, tunapanga likizo ya siku kumi. Bado hatujachagua kati ya Italia, Ureno na Japani, ila tumekubaliana tukae mji mmoja na tuwe tunatoka asubuhi na kurudi jioni kutembelea vijiji, fukwe na milima ya jirani. Mume wangu anataka tuchukue gari uwanja wa ndege siku ya kufika, tukae nalo mpaka mwisho. Mimi naona ni hasara. Nani yuko sahihi? Na ile bima wanayokusukumia kaunta, tuichukue au tuikatae?

Jibu: Dada, kwa likizo ya namna hii uko sahihi wewe. Kodini gari kwa zile siku mnazotoka mjini tu. Miji ambayo watalii huipenda haikujengwa kwa ajili ya magari, na gari lililolala mjini linakula pesa bila kuwapeleka popote: maegesho ya usiku, tozo, na hofu ya kuingia mtaa usioruhusiwa. Isitoshe, siku ya kufika ndiyo siku mbaya kuliko zote za kushika usukani katika nchi mpya. Dereva ametoka kwenye ndege, hajalala vizuri, watoto wamechoka, na gari lenyewe hajalizoea.

Mumeo naye ana hoja ambayo si ya kupuuzwa. Bei ya kukodi hushuka kadiri siku zinavyoongezeka, na mara nyingi wiki nzima haizidi sana bei ya siku nne au tano zilizokatwakatwa. Kwa hiyo anzeni na kuhesabu safari zenu. Zikiwa mbili au tatu kati ya siku kumi, kodini kwa siku. Zikifika tano na zote zifuatane, ulizeni bei ya wiki kisha mjumlishe na maegesho ya kila usiku kabla ya kulinganisha. Na msichukue wiki mkitarajia kurudisha mapema ili mrudishiwe chenji: kampuni nyingi hupiga hesabu upya kwa bei ya siku mojamoja, na unaweza kujikuta hujaokoa chochote.

Kabla ya hapo, ulizeni kama safari yenyewe inahitaji gari. Watu wengi hukodi gari kwa mazoea, kisha wakaliegesha nje ya kituo cha treni ambayo ingewafikisha bila shida. Vijiji vya Cinque Terre nchini Italia vimeunganishwa na reli, na anayekwenda na gari anaishia kutafuta maegesho kuliko kutazama bahari. Sintra, karibu na Lisbon, inafikika kwa treni kutoka katikati ya mji, na barabara zake za mlimani ni nyembamba zenye msongamano. Nikko na Kamakura kutoka Tokyo, vivyo hivyo. Gari linalipa pale ambapo vituo vyenu ni vingi, vidogo, na basi hupita mara chache: vilima vya Val d'Orcia kusini mwa Siena, vijiji vya mpakani vya Alentejo kama Marvão na Monsaraz, mashamba ya maua ya Biei na Furano huko Hokkaido, au kisiwa kikuu cha Okinawa, ambako reli haifiki sehemu kubwa ya kisiwa. Hizo ndizo siku za kutoa pesa.

Sasa muda. Siku moja ya kukodi kwa kawaida ni saa 24 tangu uchukue ufunguo, si kutoka asubuhi mpaka usiku. Ukichukua gari saa tatu asubuhi na kulirudisha kesho yake saa nne, umeshaingia siku ya pili, hata kama kuna kampuni zinazovumilia nusu saa. Tatizo ni saa za ofisi. Ofisi za katikati ya mji hufungwa jioni, nyingine hufungwa adhuhuri Jumamosi, na Jumapili hazifunguliwi kabisa. Za uwanja wa ndege hukaa wazi muda mrefu zaidi, ingawa nyingi huongeza ada ya uwanja kwenye bei. Kuna kampuni zinazokuruhusu kuacha ufunguo kwenye kisanduku ofisi ikiwa imefungwa. Soma mkataba hapo, kwa sababu mara nyingi unaendelea kubeba dhamana ya gari mpaka mfanyakazi atakapolipokea asubuhi. Likigongwa usiku likiwa limeegeshwa, ni lako bado.

Kwa safari za kutwa napendelea ofisi iliyo pembeni ya mji, ambayo unaifikia kwa treni au tramu na kutoka na gari moja kwa moja hadi barabara kuu. Florence ni mfano mzuri: tramu inatoka karibu na kituo kikuu cha treni hadi uwanja wa ndege, ofisi za kukodisha ziko upande huo, na hamlazimiki kuvuka hata mtaa mmoja wa mji wa kale mkiwa na gari. Nusu saa mnayotumia kwenye tramu inaokoa faini nitakazozieleza mbele.

Leseni ishughulikieni kabla ya kukata hata tiketi, maana hapa nchi zenu tatu zinatofautiana kweli. Kibali cha kimataifa cha udereva si leseni mpya. Ni tafsiri rasmi ya leseni yako, hutolewa na nchi iliyokupa leseni, na hubebwa pamoja na leseni yenyewe. Vinavyokubalika zaidi ni vya aina mbili, kimoja kwa Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani na kingine kwa Mkataba wa Vienna wa 1968. Japani inakubali kile cha 1949 peke yake. Ukifika na cha 1968 kaunta itakurudisha, hata ungekuwa umelipia gari miezi mitatu nyuma. Zipo nchi na maeneo machache, kama Ujerumani na Taiwan, ambayo leseni zake hukubaliwa huko zikiwa na tafsiri rasmi ya Kijapani. Italia nayo inataka kibali cha kimataifa au tafsiri rasmi kwa mwenye leseni iliyotolewa nje ya Umoja wa Ulaya. Tazameni mwaka ulioandikwa kwenye jalada la kibali. Na tafadhali msinunue vile vinavyouzwa mtandaoni kwa madai ya kudumu miaka kumi: kibali cha 1949 hakidumu zaidi ya mwaka mmoja, na cha 1968 hakizidi miaka mitatu. Kinachoahidi zaidi ya hapo ni karatasi tu.

Nije kwenye bima, ambako ndiko watu huumia.

Mnapoona bei ya siku kwenye mtandao, huwa inaonekana ndogo. Macho yenu yasiishie hapo. Tafuteni tarakimu nyingine iliyofichwa katika masharti: ekses, yaani kiasi cha hasara ambacho bima ya gari haigusi na ambacho unalipa wewe mwenyewe. Gari mbili zenye bei moja ya siku zinaweza kuwa na ekses tofauti kabisa, na kwa anayekodi siku mbili, ekses ina uzito kuliko bei, kwa sababu mkwaruzo mmoja wa mlangoni unaweza kuzidi kodi yote mara kadhaa.

Mkataba wa kawaida Ulaya una tabaka tatu. La kwanza ni bima ya kuwalipa wengine utakaowaumiza au kuwaharibia mali. Hiyo katika Umoja wa Ulaya ni lazima kisheria na imo ndani ya bei, kwa hiyo asikuuzie mtu mara ya pili. Tabaka la pili hufunika uharibifu na wizi wa gari lenyewe, lakini likiwa na ekses. La tatu ndilo lile la kaunta, linalopunguza ekses au kuifuta. Kuna njia nyingine ya kufika hapohapo: kununua bima ya ekses kwa kampuni ya bima iliyo tofauti na yenye gari, kabla ya kusafiri, na mara nyingi kwa bei ndogo zaidi. Tofauti yake ni utaratibu. Gari likipata mkwaruzo, kampuni ya gari inakata pesa kwenye kadi yako kwanza, kisha wewe unapeleka karatasi kwa mwenye bima ili urudishiwe. Hakikisheni pia kwamba inauzwa kwa wakazi wa nchi mnayoishi, kwa sababu nyingi zina orodha ya nchi, na asiyemo hulipwa sifuri hata kama alikubaliwa kulipia.

Je, ya kaunta muichukue? Ushauri wangu kwa siku mbili tatu ni huu: kama hamkununua bima ya ekses mapema, na ekses ni pesa ambayo kukatwa kwake kungeharibu likizo, ichukueni na mwendeshe kwa amani. Kwa siku chache gharama yake inavumilika. Kama mnayo ya nje, ikataeni kwa upole na msibabaike mkiambiwa haitambuliki. Kampuni haihitaji kuitambua, kwa kuwa madai yenu hayapiti kwao. Watashikilia dhamana kubwa zaidi kwenye kadi, yaani pesa wanayoizuia mpaka gari lirudi, hilo tu.

Lakini hata bima inayoitwa kamili ina matundu. Tairi, rimu, vioo, paa na sehemu ya chini ya gari huachwa nje mara nyingi. Ufunguo uliopotea na mafuta yasiyo sahihi, karibu kila mahali. Barabara isiyo na lami inaweza kuondoa kinga yote. Mtu ambaye jina lake halimo kwenye mkataba akishika usukani, bima imekwisha hapo hapo; ikiwa mtapokezana kuendesha, mwandikisheni dereva wa pili na mlipe ada yake. Ulevi nao hufuta kila kitu, na hapa msidanganywe na hali ya ziara za mashamba ya mizabibu. Italia na Ureno kikomo cha kawaida ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, na Italia ni sifuri kwa aliyepata leseni chini ya miaka mitatu. Japani ni kali zaidi: hata abiria aliyepanda akijua dereva amekunywa anaweza kushtakiwa. Huko Japani pia, ajali yoyote iitieni polisi, hata ya kugusa ukuta, maana bila cheti cha ajali bima hailipi. Na hata ikilipa, huenda mkadaiwa fidia ya siku ambazo gari litakaa gereji bila kufanya kazi, isipokuwa mmelipia nyongeza inayofunika hilo.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi. Kadi iwe ya mkopo, iwe na jina la dereva mkuu, na iwe na nafasi ya kutosha ya kushikiliwa dhamana. Kadi ya kawaida ya benki hukataliwa sehemu nyingi, au hukubaliwa kwa sharti la kununua bima ya kaunta. Mashine ikiuliza kama ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo.

Gari lenyewe liwe dogo. Hii ndiyo raha ya safari za kutwa: masanduku yamebaki hotelini, mnabeba maji, makoti na begi la watoto. Vijiji vya zamani vya Ulaya vina njia ambazo gari pana linakwaruza pande zote mbili. Kama hamjazoea kuingiza gia kwa mkono, agizeni otomatiki mapema, kwa sababu Italia na Ureno magari madogo ya otomatiki huisha haraka, ilhali Japani karibu magari yote ya kukodi ni otomatiki. Viti vya watoto vinatofautiana kwa sheria: Italia mtoto hukaa kwenye kiti chake mpaka afike sentimita 150, Ureno ni mpaka sentimita 135 au atimize miaka 12, Japani sheria inawataja walio chini ya miaka sita. Kwa hiyo Italia wote wawili wenu karibu hakika watahitaji, Japani kwa sheria ni mdogo tu, ingawa mimi nisingemkalisha mtoto wa miaka minane bila kiti cha kumwinua ili mkanda umkae begani vizuri. Viagizeni wakati wa kukodi, na mkipewa vikaguliwe na vifungwe kabla ya kuondoka.

Siku ya kuchukua gari msikimbie. Mmoja akae na watoto, mwingine azunguke gari akirekodi video kwa simu, polepole, kona zote nne, kila rimu, kioo cha mbele, paa, bampa chini, viti, kisha geji ya mafuta na kilomita. Kila alama msiyoikuta kwenye fomu, mwambieni mhudumu aiandike kabla hamjaondoka. Akisema ni ndogo, haina shida, basi haina shida kuiandika pia. Rekodi hiyo itunzeni karibu mwaka mzima. Ulizeni pia ni mafuta gani na mfuniko unafunguliwaje. Ulaya, tangu Oktoba 2018, pampu na magari mapya yana alama zinazofanana: petroli ni herufi E ndani ya duara, kama E5 au E10, na dizeli ni B ndani ya mraba, kama B7. Linganisheni alama ya mfuniko na ya pampu. Japani fuateni rangi: nyekundu ni petroli ya kawaida, njano ni ile ya kiwango cha juu, kijani ni dizeli. Mkataba mzuri wa mafuta ni wa kuchukua tangi likiwa limejaa na kulirudisha limejaa. Kwa safari ya kutwa, kulipia tangi zima mapema ni kuachia kampuni mafuta ya bure.

Barabarani, Italia ina mtego mmoja unaowanasa wageni kuliko mwingine wowote: maeneo ya katikati ya mji yanayoitwa ZTL, ambayo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia. Florence, Roma, Pisa, Siena na Bologna yote yana maeneo hayo. Hakuna kizuizi wala askari, ni kamera tu inayosoma namba ya gari, na faini ikakufuata. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na mara nyingi kuna ubao wa taa: ukiandikwa varco attivo, lango linafanya kazi, geuza. Ramani ya simu haiwezi kutegemewa kukwepesha. Egesheni nje ya kuta za mji mtembee kwa miguu.

Ureno jambo la kuuliza ni tozo. Zipo barabara kuu ambazo hazina kibanda cha kulipia, kamera husoma namba na deni likakufuata. Tangu Januari 2025 tozo zimefutwa katika kadhaa ya hizo, ikiwemo A22 ya Algarve, lakini si zote. Chukueni kifaa cha malipo kutoka kwa kampuni ya gari na muulize kinatozwaje kwa siku. Japani ombeni kadi ya ETC, yaani ya kulipia tozo za barabara kwa elektroniki, itawapunguzia usumbufu wa kulipa kila lango.

Upande wa barabara ni kushoto Japani, kulia Italia na Ureno. Aliyezoea upande mwingine hakosei sana kwenye msongamano, kwa kuwa magari mengine yanamwongoza. Hukosea anapotoka kituo cha mafuta au maegesho, barabara ikiwa tupu, akili ikiwa kwenye mambo mengine. Anayekaa kushoto au kulia mwa dereva awe na kazi ya kutamka upande kila mnapoanza kuondoka. Ndiyo maana sipendi safari inayozidi saa mbili kwenda na mbili kurudi. Dakika za ramani hazina choo cha mtoto, hazina kusimama kupiga picha, na kurudi ni jioni, dereva akiwa amechoka na giza likiingia kwenye barabara asiyoijua. Chagueni vituo viwili vya maana badala ya vitano. Mkishuka, msiache kitu chochote kinachoonekana kwenye viti, kwani bima ya wizi wa gari hailipi mikoba iliyomo ndani.

Kurudisha, jazeni mafuta karibu na ofisi, tunzeni risiti, piga video ileile ya mwanzo, na kama kuna mtu kaunta akague mbele yenu na awape karatasi ya kuthibitisha kwamba gari limepokelewa salama.

Baada ya hapo, kadi yenu ikikatwa kiasi kidogo wiki kadhaa baadaye, msidhani mmeshalipa faini. Hiyo kwa kawaida ni ada ya kampuni kwa kutoa jina lenu kwa mamlaka. Faini yenyewe huja kivyake kwa barua, na Italia ina siku 360 za kuituma kwa anayeishi nje ya nchi. Ikifika, someni tarehe, saa na mahali, mlinganishe na safari yenu. Kama ni kosa lenu, kwa makosa mengi ya kawaida kulipa ndani ya siku tano tangu kuipokea hupunguza asilimia 30, na zikipita siku 60 bila kulipa wala kupinga, kiasi hupanda.